Daftari la Nyakoma

Historia yetu haina mnara.
Ina daftari moja, jalada limetafunwa na mende,
nililolikuta chini ya kaunta ya Mulji
siku tuliyong'oa mabati kuyakimbia maji.

Misumari. Kaniki. Mafuta ya taa.
Mwandiko umelala upande kama mtama uliopigwa na mvua.
Meli ilikuja Jumanne, ikapakia pamba,
ikashusha chumvi na karani wa kodi
aliyeuliza, "Hapa panaitwaje?"
Mtu akadhani kaulizwa jina la mamaye.
Ndiyo sababu ramani inatuita Nyakoma,
na kaburi la mama huyo hatulijui.

Ukurasa wa kumi na tisa, nyanya yangu:
*Abich, sukari ratili moja, atalipa pamba ikivunwa.*
Mwaka huo walivuna nzige.
Mwezi huo alizaliwa baba.

Ogweno, baiskeli, awamu kumi na mbili.
Amelipa tatu.
Kando yake, kwa wino mwekundu: Burma.
Hakuna aliyeukata mstari.

Kisha zikaja mvua za mwaka wa Uhuru.
Ziwa lilipanda gati ngazi kwa ngazi,
bila haraka, kama mdai anayeijua nyumba,
likaingia ghalani, likalala juu ya marobota.
Mulji aliandika tarehe, akaandika *maji*,
safu ya bei akaiacha wazi.
Meli ilipiga honi kwa mbali, mara mbili.
Haikutia nanga.

Kutoka hapo mkono ni wa baba,
aliyeachiwa funguo "kwa wiki mbili tu"
na Mulji akipanda lori la Kisumu.
Wiki hizo hazijaisha.
Viberiti. Dawa ya kichwa. Kinu kimeuzwa vyuma kwa kilo.
Mbuta wanaondoka ndani ya barafu,
sisi tunakopeshana mgongo wazi.

Sasa maji yamelowesha kizingiti cha zahanati.
Mji unasogea hatua mia tatu kuelekea mlimani
na watu wanagombana nani awe jirani ya nani;
Akumu hataki kinu cha posho karibu na kitanda chake.

Jana usiku nilishika kalamu nimlipie nyanya.
Ratili moja, kwa bei ya leo, ningeweza.
Nikaweka kalamu chini.
Daftari nimelifunga ndani ya mfuko wa mbolea,
nikalipandisha darini,
upande usiovuja.