Moto wa Kuchimbia

Halla alikufa Januari, mwezi usiofaa kufa.
Suomussalmi nzima ilikuwa jiwe moja,
toka kizingiti chetu hadi ng'ambo ya ziwa,
na baba alipoigonga ardhi kwa sululu
ilimjibu kwa mlio wa kengele,
isimpe hata punje.

Udongo uwahi ungali maji, husemwa.
Huu wetu ulikuwa chuma.

"Mweke ghalani hadi Mei," mama alisema,
"mbona bibi yake Rauni alingoja theluji iyeyuke
kwenye kibanda cha kanisa, na hakulalamika?"
Baba hakucheka. Alitoka kuleta kuni.

Ni yeye, Urho Keränen, aliyekuwa akisema
mbwa ni mbwa,
chakula chake mlangoni, malazi yake nje.
Hatukuwahi kumwona akimpapasa kichwa.
Alipanga magogo ya msonobari nyuma ya sauna,
pale Halla alipotungoja kila Jumamosi
akiubwekea mvuke,
akatia kiberiti, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Moto ulikula siku nzima
ukalainisha ardhi kina cha kiganja.
Alisukuma makaa kando, akachimba kiganja hicho,
akawasha tena.
Kiganja kingine. Tena.

Usiku nilimpelekea kahawa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
kope zangu zikigandana kwa machozi,
naye akanionyesha kwa kijiti:
pale yuko Nökö, paka aliyelala kwenye kapu la mkate
hadi mkate wote ukaota manyoya, nasi tukaula.
Pale yule kunguru wa kaka yako, wa bawa moja,
aliyejifunza kukohoa kama babu
akaendelea kukohoa miaka miwili baada ya babu kuzikwa.
Pale sungura. Jina lake limenitoka, akasema,
akanyamaza kama mtu aliyekutana na mdai wake njiani.
"Tuhkanen," nikamwambia.
"Tuhkanen," akarudia, akautupia moto ukuni.

Kisha, bila kuniangalia:
mama yako alipolazwa Kajaani wiki zile tatu
nilimwacha Halla alale kitandani.
Upande wa mama yako. Usimwambie.

Tulimpa jina la ile jalidi
inayoingia mashambani bila hodi,
kwa kuwa naye aliingia hivyo, Agosti moja,
katikati ya viazi, na kamba iliyokatika shingoni.
Hakuna aliyekuja kumdai.

Alfajiri shimo lilimfika baba kiunoni.
Tulimshusha ndani ya blanketi la sufu,
yule kijivu wetu mwenye sikio moja lililolala,
mwoga wa mashine ya kunyonya vumbi,
mwizi wa viatu, na daima cha kushoto,
hakuwahi hata siku moja kukosea akaiba cha kulia.
Baba aliinama, akavua buti,
akaliweka karibu na pua yake.
Akarudi nyumbani akichechemea thelujini
kwa soksi moja, kama mtu aliyechelewa mahali.

Mama aliliona buti lililobaki. Hakuuliza.
Lilikaa mlangoni miaka kumi na tisa.

Baba alikufa Julai, mwezi unaofaa,
jua likikataa kuzama, mbu wakivuma,
udongo laini kama unga.
Mashine ya manjano ilichimba kwa dakika kumi,
dereva wake akala tufaha
akitungoja tumalize kuimba.
Nilisimama pale, mikono haina kazi,
buti la kulia ndani ya mfuko wa plastiki,
nikatamani, Mungu nisamehe,
ardhi igome kidogo.