Mtu wa Kumi

Karibuni. Pitieni mlango wa pembeni,
ule mkubwa umegoma tangu masika.
Ukivuka kizingiti inua mguu:
hapo ndipo mwaka jana alipojikwaa Bwana Afya
tukadhani ni sehemu ya mchezo,
tukampigia makofi.

Hili lilikuwa ghala la karanga,
siku zile Waingereza waliposhusha matrekta Nachingwea
wakalima mafuta, wakavuna vumbi.
Waliondoka. Likabaki bati, ikabaki sakafu,
akabaki Bibi Raheli, mjane wa fundi magurudumu,
na sanduku moja: vinara viwili,
kitabu kisomwacho kutoka kulia,
na gauni la kuchezea malkia, limeliwa na nondo begani.
Walipomuuliza kwa nini harudi kwao
alisema, "Kwetu? Wapi?"
akaendelea kushona.

Binti yake aliolewa na Mmwera, Nandonde mpasua mbao.
Wakweze wakaja na neno zito:
mtoto, kwa mila yetu, ni wa ukoo wa mama.
Bibi akasema, na kwetu vivyo hivyo.
Kesi ikaisha kabla chai haijapoa.

Ndio sisi hawa. Tuko tisa.
Sala yetu kubwa inataka watu wazima kumi,
na tangu Naftali ahamie Masasi kuuza vipuri
tunahesabu, tunarudia kuhesabu,
tunamtazama paka.

Jumamosi tunafungua msimu.
Usiniulize saa, mimi kazi yangu tiketi:
zikionekana nyota tatu, pazia linavutwa.
Wingu likitanda, basi saa moja na nusu,
asilete mtu ubishi.
Kiingilio elfu moja. Huna, leta kibaba cha mbaazi.
Mabenchi ni ya parokia, mikeka ni ya madrasa ya Maalimu Chilumba,
msiyachanganye wakati wa kurudisha.
Jenereta ni ya Bi Somoe muuza barafu;
barafu zake zikianza kutoa machozi
tunamrudishia umeme wake,
na hayo ndiyo mapumziko.

Mchezo wa kwanza ni wa karani wa mizani
aliyepima korosho za watu miaka kumi na minane
kwa jiwe pungufu,
mpaka siku alipopelekewa mwanawe kliniki
akamwona mwepesi, akaogopa kuamini mizani yoyote.
Karani ni Mjomba Zebuloni.
Husahau maneno yake kila mara ukurasa wa nne;
wanaoketi mbele wamekwisha kuyashika, watamsaidia.
Wa pili una msiba na pilau, sitasema zaidi.
Wa tatu Tirza bado anaandika.
Jana nilimsikia jikoni akimgombeza mtu
kwa sauti mbili, zote zake,
kwa hiyo kazi inaendelea.

Mvua za Desemba zikipiga bati
hamtasikia neno. Msiondoke.
Wachezaji watasema kwa mikono na mabega,
na mwaka jana, wenyewe mnakumbuka,
hapo ndipo mama mmoja wa Naipanga alipolia
akakataa kutuambia kwa nini.

Mimi hukaa kwenye kitundu hiki cha tiketi,
zamani walipitishia risiti za magunia.
Naona mikono kwanza: iliyopasuliwa na maganda ya korosho,
yenye chaki, yenye hina ya harusi ya juzi.
Kisha mtu anainama, namwona uso.
Yule wa kwanza kuinama, kila msimu,
yeyote awaye, wa dini yoyote, hata akiwa mlevi,
namhesabu kimoyomoyo: kumi.
Si sala, najua.
Mjomba Zebuloni hununa nikimwambia,
husema hesabu za Mungu hazichezewi ghalani.
Halafu nyota zikitoka huchungulia nyuma ya pazia
na kuniuliza, kwa vidole, wamefika wangapi.

Haya, ingieni.
Wa mwisho afunge mlango:
mbuzi wa jirani wanapenda sana michezo
na hawana nauli wala mbaazi.