Barafu ya Samaki

Chukua funguo, Kageha. Wa friza ni huu mdogo
uliofungwa uzi mwekundu.
Ukigoma, usiulazimishe. Upulizie,
kama unavyompulizia mtoto uji.

Mle mna vipande vya ubongo mia nne na kumi na viwili.
Kila kimoja kina nambari. Majina nimeyaandika daftarini,
maana kichwa changu nacho ni kichwa tu.
Sabini na tatu alikuwa mpiga taipu kortini Kakamega;
alisahau herufi kwanza, watoto baadaye.

Mwaka ule umeme ulipopotea siku mbili,
jenereta ikakohoa, ikanyamaza,
nikakimbilia Dunga saa tisa usiku
kuwaamsha wachuuzi wa mbuta:
niuzieni barafu, yote.
Mama mmoja akauliza, samaki wako ana kilo ngapi?
Nikamwambia, kilo moja na robo,
ila amebeba watu.
Hakucheka. Akajitwika gunia, akatangulia.
Wiki nzima maabara ilinuka ziwa.

Dawa ya kwanza iliwaponya panya.
Panya wa Kisumu wakawa na kumbukumbu kuliko wanasiasa.
Kwa binadamu ikakataa.
Ya pili ililia maini. Ya tatu,
barua ya wafadhili ilikuwa na mistari miwili,
mmoja wa salamu.

Na mama yangu, kule Mbale, akaanza kuniita shangazi,
akanikaribisha kiti cha wageni nyumbani kwetu.
Niliijua protini iliyokuwa ikimla,
mikunjo yake yote, ningeichora gizani.
Nilimpikia mrenda. Ndiyo dawa niliyokuwa nayo.

Ya nne unaijua. Shilitsa, fundi saa wa Kibuye,
alifunga vifungo vya shati lake mwenyewe
miezi minne. Kisha vidole vikasahau tena.
Wakaguzi waliandika: badiliko dogo, halina uzito.
Mkewe aliniletea jogoo
na hakusema neno.

Miaka thelathini na mmoja, Kageha,
na ukiniuliza nimepata nini
nitakuhesabia vifungo: sita, na cha ukosini saba.
Anzia hapo. Mimi nilianzia nyuma zaidi.

Nambari ya yule mama wa Dunga nimeibandika mlangoni.
Bado anauza barafu.
Piga hata usiku.