Aya ya Kumi na Nne

Wistin alitoka Gozo na karatasi yenye mambo kumi na moja.
Mkuu wake, bila hata kuketi, akakata manane.
"Hapa Brasels mdogo hasikilizwi akiomba vingi.
Chukua matatu. La tatu litakufa njiani."

Yakabaki: feri ya majira ya baridi,
ruzuku ya paneli za jua,
maji.

Feri ilikufa Jumanne, mchana,
baina ya jibini na kahawa.
Hakuna aliyeiua. Haikutajwa tu.

Usiku mama yake hupiga simu kutoka Xagħra:
kisima cha chini ya nyumba, alichochonga babu mwambani,
kimeingia chumvi, chai haikubali sukari.
"Na huko kwenu mvua inanyesha?"
Inanyesha, mama. Inamwagika bure mitaroni.

Alhamisi wakafika aya ya kumi na nne: mito.
Kila aliyezungumza alikuwa na mto wake,
akiuita kwa jina, kama mtu aitavyo ng'ombe wake.
Zamu ya Wistin ilikuja saa tatu usiku, dakika mbili,
wenzake wameshafunga mikoba.

Amezoea Kiingereza, waelewe upesi, yaishe.
Safari hii akasema Kimalta.
Ndani ya kibanda cha vioo Nazzarena
akatupa chungwa alilokuwa akimenya, akarukia kipaza sauti;
mezani mikono ikapapasa vifaa vya masikioni,
na kwa mara ya kwanza siku ile ukumbi ukamngoja.

"Ilma," alisema. Maji.
"Hatuna mto hata mmoja. Tuna baħar pande zote,"
neno ambalo wewe usomaye
huhitaji mkalimani.

Kidole kimoja hakivunji chawa, kweli,
ndiyo maana tulijiunga.
Lakini kidole cha mwisho cha mguu
ndicho kijuacho meza ilipo gizani.

Saa sita na robo mwenyekiti akagonga kinyundo.
Mstari wa pili, baada ya "mito":
koma moja, kisha "visima vya visiwa".

Akampigia mama, ambaye hakuwa amelala.
"Tumeshinda," alisema, halafu akaona haya.
"Mmeshinda nini?"
Akatafuta neno kubwa, akalikosa.
"Koma."

Upande wa pili birika lilikuwa likichemka.
"Haya," alisema mama. "Na maji yake lini?"