Imefutwa

Mahakama Kuu, Mtwara. Karani anasoma haraka:
"Rufaa imefutwa."
Bi Somoe anakaza kanga, kwake yamekwisha,
mikorosho kumi na minne ya Tandahimba
imeshakwenda kwa shemeji.

Namvuta pembeni, kwenye benchi lenye msumari.
Kufutwa si kutupwa, mama.
Iliyotupwa imepimwa, ikakosa uzito.
Yetu haikufika hata mizanini:
nakala ya hukumu haikuambatishwa,
kosa langu mimi, wakili wako.

Anahesabu nauli iliyobaki kwenye fundo.
"Kwa hiyo mlango haujafungwa?"
Haujafungwa. Tuligonga vibaya.
Tutaomba muda, tukate upya.

Ananitazama, kitambo kirefu.
"Haya. Ila safari hii
karatasi nazishika mwenyewe."