Matone ya Saa Tatu Usiku

Husemwa macho hayana pazia.
Yangu yalikuwa nalo, jeupe, zito,
lilianzia pale mkono wangu ulipoishia.
Nilidhani dunia ndivyo ilivyo:
karibu herufi, mbali ukungu.
Keelung ni mji wa mvua,
nani angeushangaa ukungu?

Kila asubuhi baba, akitoka zamu ya usiku gatini,
alisimama darajani akanipungia kofia.
Sikumpungia. Mwaka mzima.
Akadhani namwonea haya, yeye na harufu yake ya grisi.
Siku nilipovaa miwani, darasa la tatu,
niliona kwanza kwamba mti una majani mojamoja,
kisha nikamwona yeye
anavuka daraja bila kugeuka.

Sasa ni Chih-ying, binti yangu, miaka minane.
Daktari Kuo anachora jicho nyuma ya risiti:
"Lilipaswa kuwa duara kama chungwa.
Lake linarefuka kama yai,
picha inatua kabla ya kufika ukutani."
Ni damu yangu?
"Damu yako, ndiyo. Na vitabu. Na dari."
Dari?
"Jicho linalokulia chini ya dari hukosa mchana.
Mtoe nje, saa mbili kila siku."
Nikacheka. Hapa, Daktari? Tazama dirisha.
Hakucheka.
"Hata wingu zito la Keelung
linazishinda taa zote za shule yake."

Basi tunatoka, miavuli miwili.
Masomo ya ziada ya hesabu tumeyafuta,
mama mkwe amenuna,
tunahesabu makontena ya buluu mpaka vidole vinakufa ganzi.
Bila miwani hasomi jina la meli,
wala hatalisoma: kilichorefuka hakirudi.
Tunachoomba ni kisiendelee.

Saa tatu usiku, tone moja kila jicho.
Nimevua miwani yangu, hasi tisa,
nainama mpaka pumzi zetu zinagusana.
Hapa tu, kwa upana wa kiganja,
naona kuliko mtu yeyote:
kila ukope, chembe ya ufuta pembeni mwa mdomo.

"Leo nilikuona langoni, nikiwa ghorofa ya tatu,"
anasema, amefumba macho,
tone likimtoroka shavuni.
"Ulikuwa unapunga.
Soksi zako, Mama, hazikufanana."