Mwenye Penseli

Kitabu cha kwanza nilikinunua shilingi hamsini
kwa Nyanje, nyuma ya Marikiti, pale harufu ya iliki
huingia kwenye karatasi isitoke tena.
Ukikimaliza wamrudishia, waongeza kumi, akupa kingine.
Ndani yumo Bi Mishi, mkunga mstaafu,
mwenye paka na goti bovu,
ambaye kila mkosaji wa mtaa ule
alimpokea yeye, kwa mikono yake, akilia.
"Mwongo huyu," husema, "hata kuzaliwa alitanguliza miguu."

Nakaa zamu ya usiku, gesti ya Mwembe Tayari.
Funguo kumi na nne ukutani, feni yenye kikohozi,
wageni wanaoandika majina yasiyo yao.
Nami nasoma.
Mtu huuawa ukurasa wa tisa, chai haijapoa.
Inspekta Mwakio huja na daftari jipya,
humkamata asiyehusika, hujipongeza,
na Bi Mishi, huku akichambua mchele, huuliza tu:
"Mbona viatu vya marehemu vilikuwa vikavu?"
Hapo mimi hukifunga kitabu kidogo,
nikajishika shavu
kwa utamu.

Sasa sikia. Kitabu cha pili, ukurasa wa thelathini,
pembeni, kwa penseli: "Muuaji ni mpwa."
Wallahi nililaani. Nililaani mpaka mgeni wa chumba cha sita
akatoa kichwa kuuliza kama pana mwizi.
Yupo, nikamwambia. Ameniibia kurasa mia na hamsini.

Nikasoma kwa hasira, kama mtu anayekula pilau
iliyokwisha kuingia mchanga.
Na mwisho, muuaji hakuwa mpwa.
Alikuwa mwenye duka la barafu.
Mpwa, maskini, alificha deni la karata tu.

Kitabu cha tatu: "Ni mpwa, safari hii hakika." Siye.
Cha nne hakina mpwa; penseli ikamtuhumu binamu.
Cha tano: "Mjane. Nimechoka na wapwa."
Mjane akauawa ukurasa wa themanini.
Nikacheka peke yangu, saa tisa usiku,
nikamwonea huruma mtu nisiyemjua,
asiyepatia hata mara moja, na haachi.

Bi Mishi hufundisha: usitazame alichosema mtu,
tazama alichosahau kuficha.
Nikakigeuza kitabu chini ya taa.
Uzi mweupe, umewekwa kuwa alama. Mwingine wa buluu.
Vumbi la chaki, wala si ya shule, lateleza kama nta.
Na popote alipoandika sita,
mkia wake umejikunja kama ndoana.

Nikachukua blauzi iliyopungukiwa kifungo
(nilikikata mwenyewe, asubuhi, kwa wembe),
nikaipita Barabara ya Biashara, fundi hadi fundi.
Wa kwanza, sita yake ni yai.
Wa pili haandiki kabisa, yote kichwani.
Wa tatu, Fundi Lali, ameegemea ngazi, chaki kwenye ndevu,
akapokea blauzi, akaandika bei: 60.
Mkia ule. Ndoana ile.
Moyo ukanigonga kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.
Nikanyamaza, kama Bi Mishi anyamazavyo
kabla ya kumwita Inspekta.
Naye, macho hayajatoka kwenye cherehani:
"Hiki hakikuanguka, dada. Kimekatwa."

Nililipa. Sikuulizwa, sikueleza.
Njia nzima hadi Mwembe Tayari nikawaza:
nyuzi mbili tu amezitazama, akajua,
na vitabu sita hajamjua muuaji hata mmoja.

Usiku ule, kwenye cha sita, chini ya penseli yake
("Mpwa. Naapa."), nikaandika kwa kalamu ya gesti:
"Siye. Mtazame aliyeleta maji."
Nikakirudisha. Kama atakirudia, aone.

Cha saba, asema Nyanje, kimechukuliwa juzi,
na nani, sina haja ya kuuliza.
Lakini nilikuwa nimekichungulia, wima, haraka,
mbele ya mizani ya muuza binzari:
mna wapwa watatu.
Maskini Fundi Lali.